Gleason 4+3=7: hii ni hatua ya ngapi ya saratani?

ChakiNyeupe

Habari za jioni wanajukwaa. Nina miaka 63, mwalimu mstaafu wa hisabati. Nimesahihisha madaftari kwa miaka 31, kwa hiyo nikiona namba zimejumlishwa jicho linakwenda moja kwa moja kwenye jibu. Ndicho kilichoniponza wiki hii.

Jumatatu nilipewa majibu ya vinyama walivyonitoa kwenye tezi dume. Nje kulikuwa na foleni ndefu na daktari alikuwa na haraka, simlaumu. Alisema, "Mzee wangu, ni saratani, ila bado tuna nafasi nzuri," akazungushia mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, akaniandikia kipimo cha mifupa na MRI, akasema tutakaa tuzungumze vizuri vikishatoka. Mimi tangu neno "saratani" masikio yalikuwa yameziba. Niliitikia kwa kichwa kama wale wanafunzi wangu wa dawati la nyuma: hajaelewa, na hataki aulizwe. Miwani niliivaa nilipofika nyumbani.

Karatasi inasema hivi, natafsiri kwa kadiri ya uwezo wangu: PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) 6.8. Vinyama 12 vilichukuliwa, 5 vina saratani, vyote vya upande wa kulia. Gleason 4+3=7. Kundi la daraja: 3. cT2a.

Sasa naombeni msaada. Saba ni kati ya kumi, sivyo? Maana yake imeshanila asilimia 70? Hilo kundi la 3 ndiyo hatua ya tatu? Na kama ni ya tatu, mbona pembeni wameandika T2? Niko hatua ya pili, ya tatu au ya saba?

Jambo la mwisho, na hili linanikera kama mwalimu. Kwenye benchi nilikaa na mwenzangu mmoja, karatasi yake ina 3+4=7, akaniambia daktari wake amesema yake ni nafuu. Nafuu vipi? Tangu darasa la kwanza tunawafundisha watoto kwamba 3+4 na 4+3 ni kitu kimoja.

Nyumbani anayejua ni mke wangu peke yake. Naye ana swali moja tu, analiuliza asubuhi na jioni: hatua ya ngapi? Sina jibu la kumpa.

Kasi_Kasi

Pole sana mzee. Saba ni kubwa. Baba yangu mdogo alikuwa na 7, wakamzungusha na vipimo mpaka ikawa basi. Usingoje hizo picha zao, tafuta wa kukupasua wiki hii hii. Na ujue wakishachoma sindano mle ndani ndiyo inaanza kusambaa.

DadaWaSlaidi

Shikamoo mwalimu, na pole kwa wiki hiyo.

Kasi_Kasi, pole kwa baba yako mdogo. Ila hilo la sindano kusambaza saratani naomba tuliache hapo hapo, limewakimbiza wanaume wengi kwenye kipimo ambacho bila hicho hakuna anayejua anatibu nini.

Mimi si daktari. Nafanya kazi maabara ya patholojia, na vinyama kama vyako hupita mikononi mwangu kabla ya daktari wa hadubini kuvisoma. Nitakueleza ninachokiona, maana naamini ukiona utaelewa kuliko nikikupa maana za kamusi.

Kinyama kinatufikia kikielea ndani ya kichupa cha dawa. Ni chembamba kama uzi mnene, urefu sentimita moja na kitu, rangi ya maziwa. Kwa macho hakikuambii lolote. Tunakizika ndani ya nta, tunakikata kwa mashine mpaka unapata utepe wa mikromita 4 hivi, yaani unywele mmoja ungetoa tepe zaidi ya kumi za namna hiyo. Utepe tunaulaza juu ya kioo na kuupaka rangi. Viini vya seli vinageuka zambarau, vingine vyote vinakuwa waridi. Hapo ndipo picha inafunguka.

Tezi dume yenye afya inaonekana kama mtaa wa vijumba, kila kimoja na kuta zake na ua wake katikati. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Gleason, katika miaka ya 1960 aliona kwamba ukitazama tu jinsi vijumba vilivyoharibika unaweza kukisia saratani itakuwa na tabia gani. Akaweka michoro mitano. Mchoro wa 3: vijumba vimekuwa vidogo na vimebanana, lakini kila kimoja bado unaweza kukizungushia kalamu peke yake. Mchoro wa 4: kuta zimeungana, huoni nyumba hii inaishia wapi, mara nyingine panaonekana matundu matundu kama chekeche. Mchoro wa 5: hakuna nyumba tena, seli zimetawanyika moja moja au zimejazana ovyo.

Namba ya kwanza ni mchoro uliotawala. Kwako sehemu kubwa ya saratani ni mchoro wa 4, iliyobaki ni wa 3. Kwa mwenzako wa kwenye benchi ni kinyume. Chukulia madarasa mawili ya wanafunzi arobaini arobaini: moja wakorofi ndio wengi, jingine wakorofi ni wachache. Ukiita majina, idadi ni ile ile. Ukiingia kufundisha utajua tofauti kabla hujashika chaki.

Na hiyo "kati ya kumi" inawadanganya watu wengi sana, si wewe tu. Kwenye vinyama vya sindano, siku hizi hatuandiki mchoro wa 1 wala wa 2. Kwa hiyo jumla ya chini kabisa ni 3+3, yaani 6. Fikiria mtihani ambao wa mwisho darasani anapata 6, na hakuna anayeweza kupata pungufu. Mtu anaambiwa 6 anadhani yuko katikati, kumbe yuko kwenye ngazi ya chini kabisa ya ukali. Kwa sababu ya mkanganyiko huo wataalamu walikutana mwaka 2014 na kukubaliana na makundi ya 1 hadi 5. Sita ni kundi la 1, 3+4 ni la 2, 4+3 kama yako ni la 3, nane ni la 4, tisa na kumi ni la 5. Ndiyo hiyo 3 uliyoiona.

Kwa hiyo haijakula asilimia 70 ya chochote. Na hiyo yote niliyoeleza ni daraja, yaani ukali wa seli. Hatua ni jambo jingine: imefika wapi. Lugha yetu nayo inachangia, maana "kiwango", "daraja" na "hatua" tunayapokezana kwenye mazungumzo kama vile ni neno moja. (Sawa na watu wanaosema "fulani ana tezi dume" wakimaanisha mgonjwa. Kila mwanaume anayo tezi dume! Cha kuuliza ni kama imevimba tu kwa uzee au ina saratani.)

Habari za T nawaachia waliopita njia hiyo.

MkongweWaPili

Mwalimu, pole. Mimi nilipasuliwa miaka mitano iliyopita nikiwa na 60. Dada amemaliza habari ya daraja, sina cha kuongeza isipokuwa kwamba ningempata yeye siku ile ningelala usingizi.

Sasa cT2a yako. Anza na T, ndiyo uvimbe wenyewe. T1 ni ile ambayo kidole cha daktari, kikipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, hakikugusa kitu, ikajulikana kwa njia nyingine, mara nyingi kwa sababu PSA ilipanda wakachukua vinyama. T2 kidole kimegusa, lakini bado imo ndani ya tezi. Ile a inasema iko upande mmoja na haizidi nusu ya upande huo. Ingezidi nusu ingekuwa b, ingekuwa pande zote mbili ingekuwa c. T3 imetoboa ganda la tezi au imeingia kwenye vifuko vya manii. T4 imeshika jirani: kibofu, njia ya haja kubwa, ukuta wa nyonga.

Bado herufi mbili hujapewa, na ndiyo sababu huoni neno "hatua" popote kwenye karatasi yako. N ni tezi za limfu za nyonga, kama imeingia au haijaingia. M ni kama imesafiri mbali, na saratani hii ikisafiri hupenda mifupa. Hicho kipimo cha mifupa na MRI ni kwa ajili ya hizo mbili. Daktari hakukuficha hatua. Hata yeye bado hana.

Hatua yenyewe inapikwa kwa vitu vitano pamoja: T, N, M, PSA na lile kundi la daraja. Kwa jedwali lililoanza kutumika mwaka 2018, mtu mwenye T1 au T2, PSA chini ya 20, kundi la 3 au la 4, na picha zikatoka safi, anaitwa hatua ya pili C. Kwa hiyo mwambie mama hivi: tukibahatika picha zikawa safi, ni ya pili, kwenye ukingo wa juu wa ya pili. Mpaka hapo usiseme zaidi.

Ile herufi ndogo c mbele ya T usiidharau. Inamaanisha ni makisio ya kabla ya upasuaji, ya kidole. Mimi niliingia chumba cha upasuaji na cT2. Tezi ilipokwenda maabara nzima nzima ikarudi pT3a, p ikiwa ni ile iliyosomwa baada ya kutolewa. Ilikuwa imeshachungulia nje ya ganda sehemu moja ndogo. Nilikasirika sana, nikadhani imekua ndani ya wiki tatu nilizokuwa nangoja. Haikukua. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo, kidole tu hakikuweza kuiona. Tezi za limfu zilikuwa safi, na mpaka leo PSA yangu iko chini ya 0.1.

Kuhusu kukimbilia kisu wiki hii: hapana. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza, ProtecT, wa wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa bado imo ndani ya tezi. Wengine walipasuliwa, wengine mionzi, wengine walifuatiliwa tu kwa vipimo. Matokeo ya miaka 15 yalitoka 2023: katika kila kundi karibu asilimia 97 hawakufa kwa saratani hii. Sisemi ujilinganishe nao moja kwa moja, wengi wao daraja lao lilikuwa chini kuliko lako na wewe huenda ukahitaji tiba. Nasema wiki chache za kungoja picha hazitakuua, na kuchagua tiba gizani kutakugharimu.

Swali moja. Kuna dawa yoyote unakunywa ya mkojo? Iangalie jina lake, usiniambie rangi ya kidonge.

ChakiNyeupe

Marahaba dada. Nimesoma ya vijumba mara tatu, ya tatu nikamsomea mke wangu kwa sauti. Alicheka kwenye wale wakorofi. Ni mara ya kwanza kusikia kicheko nyumbani tangu Jumatatu.

Mkongwe, umenishtua. Dawa ipo, nimeitoa kabatini sasa hivi: finasteride, miligramu 5, kimoja kwa siku, miaka miwili sasa. Nilipewa kwenye kliniki nyingine kwa ajili ya kuamka usiku kukojoa. Huyu daktari wa sasa hakuniuliza, na mimi sikuona uhusiano. Kuna tatizo?

Na MRI wameipangia wiki sita mbele. Mke wangu anasema wamenisahau.

MkongweWaPili

Nilihisi. Finasteride, na ndugu yake dutasteride, ikikaa mwilini miezi sita hadi mwaka inashusha PSA kwa karibu nusu. Saratani inabaki, namba ndiyo inapungua. Kwa hiyo ile 6.8 izidishe mara mbili.

Wewe ni mwalimu, piga hesabu: 13.6. Kwa bahati bado uko chini ya 20, hatua haibadiliki. Lakini ungekuwa umesomeka 11, ukweli wake ungekuwa 22, na kwa jedwali lile lile ungehama kutoka hatua ya pili kwenda ya tatu kwa sababu ya kidonge ambacho hakuna aliyekitaja. Hata kwenye vikundi vya hatari ambavyo madaktari wanatumia kuchagua tiba, chini ya 10 na kati ya 10 na 20 si mahali pamoja. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Mpigie daktari, mwambie jina, dozi na umeanza lini.

MRI hawajakusahau. Sindano 12 zimepita mle ndani, damu imevilia, na damu kwenye picha inafanana na uvimbe. Wanangoja ikauke. Ndiyo hiyo hiyo utakayoiona kwenye manii kwa wiki kadhaa, inageuka kahawia taratibu. Mimi sikuambiwa, nikapiga kelele bafuni.

MkeWaDereva

Nawasoma kimya kimya siku nyingi, leo nimeona niseme. Mwalimu, mkeo anauliza "ya ngapi" kwa sababu kichwani mwake nne maana yake ni msiba. Mume wangu alikutwa hatua ya nne, mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Huu ni mwaka wa tano. Anachomwa sindano ya homoni kila miezi mitatu na anakunywa vidonge. Kanenepa tumbo, anatokwa jasho usiku, hasira za karibu. Lakini yupo, na analalamika chumvi imepungua.

Wakati ule nilidhani amepata saratani ya mifupa juu ya ile ya kwanza. Daktari akanieleza: ikihamia mfupani bado ni saratani ya tezi dume, inatibiwa kama ya tezi dume. Na jingine ambalo halisemwi: hatua uliyopewa mwanzoni haibadilishwi baadaye. Mtu aliyeanza ya pili, ikarudi kwenye mfupa baada ya miaka, kwenye faili lake wataandika ya pili iliyosambaa. Usije ukasoma faili la mtu ukachanganyikiwa.

La kushika ni hili tu. Mgongo ukiuma kwa namna mpya usiyoijua, miguu ikaanza kulegea au kufa ganzi, mkojo au haja vikagoma au vikajitokea, hiyo hungoji miadi. Unakwenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Sisi tulingoja Jumatatu ifike, na nusura asitembee tena.

Kasi_Kasi

Nimesoma yote. Mzee, nisamehe kwa kukutisha. Nimempigia binamu, kumbe ya baba mdogo ilikuwa 9, si 7. Na sindano ilikuja baada ya mwaka mzima wa kukataa sindano.

ChakiNyeupe

Wiki ya nane. Naleta matokeo, maana nyie ndio mmenifundisha kusoma karatasi.

Kwanza nilimpigia daktari kuhusu finasteride. Kimya kidogo kwenye simu, halafu nikasikia kalamu. "Asante mzee," akasema, "hiyo ilipaswa iwe kwenye faili."

Kipimo cha mifupa. Wanakuchoma dawa ya mionzi mkononi, halafu wanakuambia kanywe maji na ukojoe kadiri uwezavyo kwa saa tatu. Nikauliza kwa nini. Kijana wa mashine akanijibu vizuri sana: dawa isiyoshika mfupa inatoka kwa mkojo, na kibofu kikijaa kinawaka kwenye picha na kuifunika nyonga. Unalala, bamba linashuka mpaka karibu liguse pua, halafu linatembea polepole kuelekea miguuni. Nilihesabu mbao za dari. Ziko 44.

Picha niliiona mwenyewe kwenye skrini, kiunzi changu kizima, na kwenye ubavu mmoja wa kushoto doa jeusi kama tone la wino. Niliishiwa nguvu. Yule kijana haruhusiwi kusema kitu na hakusema. Siku nne nilibeba doa lile. Nilianza hata kupanga vitabu vyangu nimwachie nani.

Daktari alipoliona aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Umewahi kuanguka?" Nikasema sijaanguka. Mke wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema: "Na ile baiskeli?" Kweli, mwaka juzi nilianguka na baiskeli, nikaumwa ubavu mwezi mzima, nikakataa kwenda kupimwa. Wakanipiga picha ya CT hapo hapo: ubavu ulivunjika na ukaunga wenyewe. Kumbe dawa ile inakimbilia popote mfupa unapojijenga. Saratani, kuvunjika kwa zamani, magoti ya uzee, vyote vinawaka. Magoti yangu yenyewe yaling'aa kama taa za gari.

Tezi za limfu safi. Kwa hiyo cN0, cM0. Nilimwambia mke wangu tukiwa bado kwenye ngazi za hospitali: ya pili, C. Akaniuliza, "C ya nini?" Nikamwambia nitamchorea jedwali.

Ila MRI imeniletea swali jipya. Inaonyesha kivuli kikubwa kulia, na kingine kidogo kushoto. Nilidhani sasa nimekuwa T2c, lakini karatasi bado imeandikwa cT2a. Wamesahau kurekebisha?

Injinia_B

Wamekosea. Pande mbili ni T2c. Rudi wakusahihishie.

MkongweWaPili

Hawajakosea, Injinia. Hata mimi nilibishana na daktari kwa hili. Kwa saratani hii, T yenye c inaandikwa kwa kidole peke yake. Picha haibadilishi herufi. Inaonekana ni kichekesho, mashine ya mamilioni inashindwa na kidole, lakini jedwali na takwimu zake zilijengwa juu ya watu waliopimwa kwa kidole, ukichanganya vipimo huwezi tena kujilinganisha nao. MRI haipotei bure. Mpasuaji ataitumia kujua akate wapi, mtu wa mionzi atajua alenge wapi, na huenda wakataka kinyama cha kile kivuli cha kushoto. Tena hata ingekuwa T2c, kwa namba zako nyingine ungebaki hapo hapo kwenye pili C.

Penye picha ya PET ya PSMA, uliza pia. Ni picha inayotafuta seli za saratani hii mwili mzima, na inaona madoa madogo kuliko kipimo cha mifupa. Wamesemaje kuhusu tiba?

ChakiNyeupe

Nimepewa njia mbili: upasuaji, au mionzi pamoja na sindano za homoni kwa miezi minne hadi sita. Kufuatilia tu bila tiba hakunipendekezea, kwa sababu ya ile 4 kutangulia. Mara hii nilikwenda na daftari na maswali 11, na nilipoishia namba 8 alivuta kiti akakaa vizuri. Nimepanga miadi na mpasuaji na mtu wa mionzi, niwasikie wote wawili. PSMA nitaiuliza.

Hilo la kidole nimelikubali shingo upande.

Dada, nina moja kwako. Nina mtoto wa kiume, ana miaka 41. Nimemweleza jana. Aanze kupima lini?

DadaWaSlaidi

Ambaye baba yake amegundulika kabla ya miaka 65, kama wewe, miongozo mingi inasema azungumze na daktari kuhusu PSA akifika 45. Kama ndugu wa karibu waliougua ni zaidi ya mmoja, inashuka mpaka 40. Kuna mwingine kwenye ukoo? Baba yako, kaka zako? Na upande wa wanawake pia, saratani ya matiti au ya ovari, kwa sababu kuna kasoro ya jeni iitwayo BRCA2 inayoongeza hatari ya saratani hizo na ya tezi dume pia, na inaweza kurithiwa kwa baba au kwa mama.

ChakiNyeupe

Kaka sina. Marehemu baba alikufa kwa "tezi dume". Ndivyo tulivyoandika, ndivyo tulivyosema msibani, na hakuna aliyeuliza kama ulikuwa uvimbe wa uzee au saratani. Mimi nikiwemo.

Shangazi yupo, ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali. Kesho asubuhi nitampigia.